Kabla Hamjatukataza Kukaa Nje

Barua ya wazi kwa Bunge la Kaunti ya Mombasa

Kwa Mheshimiwa Spika na Waheshimiwa wawakilishi wa wadi zote 30,

 

Naandika nikiwa na usingizi. Juzi jirani yetu alikuwa na harusi. Tangu alasiri turubali lilishafungwa, kutoka nguzo ya stima hadi dirisha la nyumba ya pili, njia ikazibika, na spika mbili, kila moja kimo chake ni cha mtoto wa darasa la tatu, zikaelekezwa upande wetu. Ilipogonga saa sita usiku vikombe vilikuwa vikicheza kabatini. Nyumba ya nne kuna mama mgonjwa. Nikavaa kikoi nikaenda kwa mwenye shughuli. Alinipokea kwa heshima zote, "karibu mzee, karibu," akanipa sahani ya biriani, akamwashiria kijana wa muziki apunguze. Nikashukuru, nikaondoka. Sijafika mlangoni kwangu, sauti ikapanda tena. Biriani yake nikaila hivyo hivyo, huku namlaani.

Nimeanza na hilo msije mkadhani mimi ni katika wale wasemao kwamba kero za mitaani ni mambo madogo, tuvumiliane. Wengi wasemao hivyo huwa hawalali mtaani kwetu. Kuna vijana wa maskani ambao msichana hawezi kupita na vitabu vyake bila kutupiwa maneno. Kuna pikipiki zilizotobolewa bomba makusudi zipige kama bunduki saa nane za usiku. Kuna ukuta mmoja, nisioutaja, ambao kila mwanamume anayeshuka matatu huona ni haki yake kuukojolea. Hayo yote yananikera kama yanavyowakera ninyi, na kila yanapozidi, mitaani husikika kilio kilekile: kaunti itunge sheria kali, wakamatwe.

Hilo la pili, wakamatwe, ndilo nililonalo neno. Uwezo wa kutunga sheria mnao, hakuna wa kubisha. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010, Sehemu ya Pili, limezipa kaunti kazi ya kudhibiti kelele na kero nyingine za umma, pamoja na bustani, fuo za bahari, leseni za pombe, na hata udhibiti wa dawa za kulevya. Kwa hiyo siji kuuliza kama mnaruhusiwa. Naja kuwaomba muangalie ni maneno gani mtayaandika, kwa sababu maisha yangu ya kazi nimeyamaliza nikiandika yanayotokea baada ya maneno hayo kutoka bungeni.

Nilikuwa karani wa mahakama. Nimehamishwa hapa na pale, pwani na bara, tangu enzi za mabaraza ya miji hadi zikaja kaunti, na sitataja mahakama hata moja wala mji. Anayeijua kazi hiyo anajua Jumatatu asubuhi ilivyo. Waliokamatwa Ijumaa usiku katika misako ya mitaani wanaletwa pamoja, thelathini, arobaini, wamebanana kwenye benchi na sakafuni, wananuka seli. Karatasi za mashtaka zinakuja kama zilizotolewa chapa: kosa lilelile, maneno yaleyale, kilichobadilika ni jina tu. Alikutwa mahali pa umma akileta usumbufu. Alikutwa akizurura, hana shughuli maalumu. Ukizisoma kumi, ya kumi na moja unaweza kuiandika umefumba macho.

Hakimu anauliza: ni kweli au si kweli? "Ni kweli." Naandika. Anayefuata. "Ni kweli." Naandika.

Mmoja simsahau. Alikuwa muuza kahawa, mtu wa makamo, kanzu yake imeingia masizi upande mmoja pale anapobebea jiko. Alikamatwa pembeni mwa kituo cha magari, na vyombo vyake vikaletwa kama kielelezo: dele la shaba na vikombe sita. Dele likawekwa mezani kwangu likiwa na kibandiko cha nambari ya kesi. Nikalifunua kifuniko, nadhani kwa udadisi tu. Kahawa ya Ijumaa ilikuwa bado imo, imefanya utando juu. Alipoulizwa, aliniangalia mimi kwanza, kisha hakimu, akasema ni kweli. Nikaandika ni kweli. Akalipa faini, akarudishiwa dele. Vikombe havikuonekana. Aliviulizia mara mbili kwa upole, kisha akaacha.

Sasa ni kweli gani ile? Aliwakera nani kwa kuuza kahawa kituoni? Lakini hesabu yake ilikuwa sahihi kuliko sheria yetu. Akisema ni kweli, analipa anakwenda zake. Akisema si kweli, kesi itatajwa mwezi ujao, atafutiwe mdhamini, atoe nauli ya kuja na kurudi, apoteze siku ya kazi, na siku hiyo askari aliyemkamata asipofika, kesi itasogezwa tena. Kwa maskini, kukana kosa ni ghali kuliko kulikubali. Nimeliandika neno "ni kweli" kwa watu wengi mno ambao mimi mwenyewe, nikiwa na kalamu mkononi, sikuamini kama ni kweli.

Na hao ndio waliofika. Waliokuwa na noti mfukoni usiku ule hawakufika mezani kwangu. Msako ukianza na watu mia, njiani wanapungua, kila mtu anajua wanavyopungua, na Jumatatu hakimu anaona waliokosa cha kutoa. Mtu akisoma daftari za mahakama akasema maskini ndio wakorofi wa mji, atakuwa amesoma sawasawa na amekosea kabisa.

Mtasema Katiba imeyatibu haya. Kiasi. Ibara ya 49 inataka aliyekamatwa afikishwe mahakamani ndani ya saa 24, lakini zikiishia nje ya saa za kazi za mahakama, afikishwe siku ya mahakama inayofuata. Ndiyo maana misako ya Ijumaa usiku ina utamu wake kwa wenye kuifanya. Ibara hiyohiyo inasema mtu asiwekwe rumande kwa kosa ambalo adhabu yake ni faini tu, au kifungo kisichozidi miezi sita. Someni hapo tena, Waheshimiwa. Makosa mengi ya kero yamo humo. Sheria yoyote mtakayoitunga ya mambo haya isimpe askari njia ya kumlaza mtu ndani kwa sababu alikaa mahali.

Maneno yenyewe nayo yana ukoo wake. "Mzururaji", "mtu asiye na shughuli", haya hayakuzaliwa Mvita wala Changamwe. Yametoka Uingereza, katika Sheria ya Uzururaji ya mwaka 1824, iliyotungwa kwa ajili ya ombaomba na watu wasio na makao wa huko. Wakoloni wakaisambaza kwenye makoloni yao, na huku ikawa chombo cha kumuuliza Mwafrika anafanya nini mjini. Sisi Sheria yetu ya Uzururaji tuliifuta mwaka 1997, lakini kifungu cha 182 cha Kanuni ya Adhabu kikabaki, na lugha yake ikaendelea kuishi katika sheria ndogo za miji. Waingereza wenyewe mwaka 2022 bunge lao lilipitisha kifungu cha kuifuta ile ya 1824. Na tarehe 4 Desemba 2020, hapo Arusha, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, ikijibu ombi la Umoja wa Mawakili wa Afrika, ilitoa maoni kwamba sheria za uzururaji zinapingana na Mkataba wa Afrika, na kwamba nchi zinapaswa kuzirekebisha au kuzifuta. Iliwataja mahususi watoto na wanawake. Yule chokoraa anayelala kwenye maboksi nyuma ya soko hazururi. Hapo ndipo kwao.

Nayasema haya kwa sababu najua sheria za kaunti zinavyoandikwa. Mwanasheria anatafuta ya kaunti nyingine, anabadilisha jina la kaunti, na lile neno la 1824 linaingia kama mwiba ndani ya samaki.

Tena hii ni Mombasa. Mji huu watu wake hukaa nje. Nyumba za Mji wa Kale zilijengwa na baraza la mawe mbele, sehemu ya nyumba iliyotolewa kwa njia, na anayepita ana haki ya kuketi hata asipokuwa na uhusiano wowote na mwenye nyumba. Hapo ndipo posa hujulikana kabla ya kupelekwa, hapo deni hudaiwa kwa kutajwa tu, na anayeumwa akikosekana siku mbili huulizwa. Hata lugha imelishika hilo. Manispaa iliyowatangulia ninyi tuliiita baraza, na mawaziri wa nchi mpaka leo ni baraza. Kwetu sisi mamlaka yalianza kwa watu kukaa nje bila shughuli maalumu.

Na tusisahau nani hulinda njia usiku. Kwenye kona yetu kulikuwa na wazee watano wa bao. Wakati wao, kijana hakuweza kumvuta msichana mkono. Angeitwa kwa jina lake, na jina la babake, na kufika nyumbani habari imeshafika. Wawili wamefariki, mmoja amehamia kwa mwanawe Kisauni, mmoja macho hayaoni tena usiku, aliyebaki hachezi na nafsi yake. Kona ile sasa ina vijana saba na simu zao. Ndiyo, wanakera. Lakini hawakuiteka kona. Waliikuta tupu. Mkiwafagia wao pia, atakayeirithi simjui na ninyi hamumjui.

Hapa lazima nitenganishe jambo, maana najua litaletwa. Vijana wenye panga, waliotutia hofu Kisauni, Likoni na hata Mji wa Kale kwa miaka kadhaa sasa, si kero. Ni wahalifu, na kazi yao ni ya polisi, ambao si wenu. Ni wa serikali ya kitaifa. Mnayo nafasi yenu katika Mamlaka ya Polisi ya Kaunti, anayoiongoza Gavana, pelekeni huko. Msichukue hofu ya panga mkaifanya sababu ya kumkamata anayekula mabuyu katika bustani ya Mama Ngina saa nne usiku. Mwenye panga humwona askari wa kaunti kwa mbali akatoweka, anayebaki ni mwenye mabuyu.

Turudi kwenye kelele, kwa sababu hapo mna mfano mzuri wa sheria isiyokosa lengo ila inakosa akili ya mtaa. Nchi ina kanuni za kelele tangu mwaka 2009, chini ya sheria ya mazingira, na NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, ndiyo yenye kuzisimamia. Kwa eneo la makazi, nje ya nyumba, kiwango ni desibeli 50 mchana na 35 usiku, na usiku wa kanuni huanza saa mbili. Saa mbili, Waheshimiwa, ambapo kwetu ndio kwanza watu wametoka kuswali isha na viazi karai vinaingia mafutani. Na desibeli 35 ni nini? Watu wawili wakizungumza kawaida ni kama desibeli 60. Mnong'ono ndio unaokaribia huko. Kwa hesabu hiyo mimi na mzee mwenzangu tukibishana juu ya mpira barazani saa mbili na nusu ni wahalifu, na feni yangu ya dari, iliyolegea skrubu tangu mwaka juzi, ingestahili kufunguliwa mashtaka peke yake.

Tunacheka, lakini ugonjwa wenyewe umo humo. Sheria ikimkamata kila mtu, haimkamati yeyote. Inamwachia askari achague. Na askari atachagua kama binadamu yeyote angechagua: aliye karibu, aliye mnyonge, asiye na mjomba serikalini. Mwenye spika mbili za kimo cha mtoto hataguswa, ana jina. Atakayeguswa ni kijana mwenye redio ndogo kwenye kibanda.

Andikeni basi jambo ambalo mtu mzima anaweza kulijua bila kipimo. Muziki wa spika nje ya nyumba unyamaze saa tano usiku, na Ijumaa na Jumamosi saa sita. Mwenye shughuli apewe kibali bure, siku hiyohiyo, kwa kufika ofisi ya wadi, na nambari yake ya simu ibandikwe kwenye nguzo ya turubali. Akizidisha saa, anaonywa mara moja kwa maandishi, kisha mtambo wa muziki unazimwa na faini inakuja kwake yeye mwenye shughuli na kwa mwenye mtambo, si kwa wageni. Hivyo tu. Hata yule jirani yangu wa biriani angeielewa.

Mtaniuliza kuhusu vipaza sauti vya nyumba za ibada, maana hilo kila mtu hulikwepa. Adhana kwangu ni saa ya mji, dakika chache na imekwisha, na sidhani kuna Mkristo wa Mombasa anayeamka nayo kwa mshangao baada ya wiki yake ya kwanza hapa. Lakini mawaidha ya saa mbili nzima usiku kupitia spika za nje ni jambo jingine, na mkesha wenye gitaa na ngoma ni hivyo hivyo. Saa za usiku ziwe moja kwa wote. Kama mnaogopa kuligusa hilo, ogopeni waziwazi, andikeni kwamba mmeliacha. Msilitungie maneno mapana kisha mkategemea askari asilitekeleze.

Na muguka, yale majani ya kutafuna ya jamii ya miraa. Hapa moyo wangu hauko sawa, naomba mnivumilie. Nina mpwa wangu, kijana wa miaka 23, alikuwa fundi wa jokofu na mkono wake ulikuwa mzuri. Sasa shavu lake la kushoto limevimba kuanzia saa tisa alasiri mpaka usiku wa manane, na asubuhi haamshiki. Mwezi wa Mei 2024, Gavana alipopiga marufuku muguka Mombasa, kuingizwa, kuuzwa na kutumiwa, mimi nilikuwa katika waliosema alhamdulillahi. Dada yangu alilia kwa furaha jikoni. Kilifi nao wakafuata. Siku hazikuwa nyingi, Rais akasema marufuku hayo ni batili kwa sababu muguka ni zao linalotambuliwa na sheria ya taifa, Sheria ya Mazao ya 2013 na kanuni za miraa za 2023, na Mahakama Kuu huko Embu, kunakolimwa, ikasimamisha amri. Vibanda vikafunguliwa. Mpwa wangu akaniambia, kwa adabu, "Mjomba, umeona?"

Nilichokiona mimi si kwamba kaunti haina uwezo. Nilichokiona ni kwamba ilinyanyua jiwe kubwa kuliko mikono yake. Amri ilikuwa ya ofisi moja, na iligusa biashara ya zao lenye sheria ya taifa. Lakini mngekaa ninyi, kama bunge, mkasema: muguka hauuzwi kwa aliye chini ya miaka 18, hauuzwi hatua kadhaa kutoka lango la shule au madrasa, kibanda kinafungwa saa fulani, mwenye kibanda anawajibika kwa matawi na taka zilizotapakaa mbele yake, leseni yake inafutwa akivunja mara tatu. Hayo ni leseni, usafi na saa za biashara, mambo yenu hasa. Yasingemtoa mpwa wangu muguka mdomoni siku ile. Huenda yangemzuia mdogo wake kuanza. Kwa dada yangu hilo lingekuwa kubwa.

Ya haja ndogo sina la kusema kwa urefu. Jengeni vyoo, viwe wazi usiku, viwe na maji. Kisha mtozeni faini anayekojoa ukutani, na mimi nitakuja kushangilia. Kabla ya hapo mtamtoza mtu kwa kuwa na kibofu.

Mtaona narudia mambo yaleyale manne: tendo, mahali, saa, na nani awajibike. Naongeza la tano, tarehe ya kufa. Uingereza, kwa sheria yao ya mwaka 2014, halmashauri inaweza kutoa amri ya kulinda eneo la umma, kwa mfano kukataza ulevi katika bustani fulani. Lazima ionekane kwamba tendo linaharibu maisha ya watu wa hapo, kwamba linaendelea na si la siku moja. Sheria hiyo ilipotungwa, faini ya papo kwa papo haikuzidi pauni 100. Na amri haiishi zaidi ya miaka mitatu. Ikifika hapo hufa yenyewe, anayeitaka aendelee nayo lazima aitetee upya mbele ya watu. Siwasifu kupita kiasi. Kuna halmashauri zilizoitumia kuwaandama wanaolala nje, mpaka Desemba 2017 serikali yao ikabidi ibadilishe mwongozo na kusema isitumike dhidi ya mtu kwa sababu tu hana makao. Hata hivyo ile tarehe ya kufa ni jambo zuri, liibeni. Kwetu sheria ndogo zilikuwa hazifi. Nimewahi kufunga faili la mtu aliyeshtakiwa kwa kifungu kilichotungwa kabla babake hajazaliwa.

Na msidhani Wamombasa ni watu wasiotii. Mwaka 2018 kaunti ilisema majengo ya katikati ya mji yapakwe nyeupe na mstari wa buluu. Watu walinung'unika, nami nilikuwa mmoja wao. Bei ya rangi haikuwa ndogo na hakuna aliyetuuliza kama tunaipenda buluu. Lakini pitieni Moi Avenue mtazame. Walipaka. Kila mwenye nyumba alijua rangi gani na ukuta upi. Hakuna askari aliyepewa nafasi ya kuamua kama nyeupe ya fulani ni nyeupe ya kutosha.

Askari wenyewe sitaki kuwasema vibaya kwa jumla, wengine ni watoto wetu. Wapeni sare zenye jina na nambari inayosomeka usiku. Wapeni daftari la onyo lenye nakala mbili, moja abaki nayo mtu. Wafundisheni kwamba kuanza na "hebu punguza, ndugu yangu" si udhaifu. Na iwepo nambari moja ya simu ambayo saa saba usiku inapokelewa na mtu mwenye uwezo wa kutuma gari, kwa sababu bila ya hiyo, sheria ya kelele ni ya mchana.

Katiba, ibara ya 196, inawataka mfanye kazi zenu wazi na muwashirikishe wananchi. Nawaomba msiitimize kwa tangazo dogo gazetini na kikao cha Jumanne saa nne asubuhi kwenye ukumbi wa hoteli, ambako watakuja wale wanaojua kuna chai na nauli. Vijana wa maskani saa nne asubuhi wamelala, na muuza kahawa analala. Njooni baada ya isha. Kaeni kona moja katika kila wadi, na rasimu mkononi, muisome kwa Kiswahili kifungu kwa kifungu, kisha mumuulize kijana aliye hapo: hiki ukikisoma, unajua umekatazwa nini? Akisema hajui, kirudisheni kwa mwandishi.

Kifungu cha 15 cha Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 kinampa kila mtu haki ya kuliomba bunge la kaunti litunge, libadilishe au lifute sheria. Basi hili ni ombi langu rasmi, nakala nitaileta mwenyewe kwa karani wenu, naye ataigonga muhuri kama nilivyokuwa nikizigonga za wengine: kagueni sheria ndogo zote mlizorithi kutoka manispaa na zilizotungwa baadaye, kila penye neno la kuzurura, kuranda au kukaa bila sababu palifuteni, na mahali pake pasiandikwe kitu.

Wakati wa kikao cha wadi yetu, mimi nitakuwepo barazani, upande wa kivuli. Kahawa itakuwepo, jirani ameahidi spika hatazifungua. Na mkija na kipimo cha desibeli, niambieni mapema niizime feni.

Wenu,
Karani mstaafu, Mji wa Kale, Mombasa